Muulize nesi kabla hajatundika mfuko

Mpwapwa, Jumapili usiku

Mwanangu,

Jana uliposema utumbo haujafunguka na utalishwa kwa mshipa wiki tatu zaidi, nilijibu "sawa baba" nikakata simu. Si sawa. Sijalala.

Nataka kujua jambo moja: vitamini B1 imo kwenye huo mfuko? Usiniambie "watakuwa wameweka". Nesi akuonyeshe kwenye faili, imeandikwa thayamini. Akiba yake mwilini ni miligramu 30 hivi tu, na asiyeipata huimaliza kwa wiki mbili tatu. Sukari ya dripu ndiyo inayoimaliza upesi, maana bila B1 ubongo hauwezi kuigeuza sukari kuwa nguvu.

Yule mama wa Kibakwe, mjamzito aliyetapika mwezi mzima, nilimkuta zamu yangu. Dekstrozi, yaani dripu ya sukari, chupa juu ya chupa. Asubuhi moja namfunga kitenge, nikaona macho yake yanacheza, yanarukaruka pembeni kama anahesabu mabehewa ya treni. Akaniita kwa jina la dada yake. Tukasema malaria imepanda kichwani, kumbe ni B1 iliyomwishia. Chupa aliziandika mwingine. Kuzitundika nilitundika mimi. Macho yalitulia, lakini mpaka leo anayumba akitembea. Nakutana naye mnadani, na kila mara ananiuliza mimi ni nani.

Kwa hiyo ukiona vitu viwili viwili, ukipepesuka kwenda chooni, au mkeo akisema unachanganya maneno, msingoje dalili zote zitimie. Daktari aitwe saa hiyohiyo, B1 ichomwe kwenye mshipa kabla ya sukari nyingine. Na B1 iwemo kila siku, si siku ya kwanza tu.

Najua utaona haya. Ukiwa na miaka kumi na saba ulisimama mbele ya wazee ukadai hesabu za kisima, nikajivunia mpaka leo. Sasa nesi mmoja anakushinda? Mimi ndiye niliyekuwa nakufinya ukiuliza maswali hospitali. Basi sasa uliza.

Mbuzi mweupe amezaa mapacha. Hela ya bati mdogo wako kanunulia mbolea, msigombane, nilimruhusu. Shangazi yako anakuja Alhamisi na karanga debe moja, ni za mkeo, wewe usionje hata moja mpaka daktari aruhusu.

Kesho saa mbili asubuhi, madaktari wakipita, simu iwe wazi. Nitauliza hilohilo.

Mama yako