Mzuie Dogo kabla hajaitoa albamu

Kaka, salamu nyingi. Huku wote wazima. Bi Mkubwa magoti yanamsumbua lakini sauti iko palepale, anasema ulimwahidi kitenge na hajasahau. Tumekaa kimya mno sisi wawili, najua, hayo tutayasema tukionana. Ningeweza kukupigia, ila jambo hili kwa simu ungelimaliza kwa kicheko na mimi nataka ulisome.

Ni Dogo. Amenitumia albamu yake ya kwanza, nyimbo zote 18, anataka neno langu kabla hajaipandisha mtandaoni. Nimeisikiliza kwenye daladala, nikairudia usiku watu wamelala. Kaka, mdogo wako anajua kuchana. Pumzi anayo, vina vinakuja bila kulazimishwa, na yule prodyuza wa Temeke kampa midundo ya maana. Kipaji hakina mjadala.

Lakini nimefika mwisho wa albamu nzima sijamwona Dogo. Nimeona magari, nimeona Dubai, nimeona chupa za bei mbaya, na wageni karibu kila wimbo, hadi kuna wimbo mmoja ambao yeye mwenyewe ana ubeti mmoja tu! Ule wa mama na beseni la samaki, ule aliochana bila mdundo kwenye arobaini ya Mjomba mpaka waliokuwa wanapakua wali wakasimama, haumo. Nikamuuliza. Akanijibu kwamba ule ni wa kizamani, klabu hauchezeki.

Tangu hapo sina raha.

Unaikumbuka 2001? Professor Jay alipotoka na Machozi, Jasho na Damu, albamu yake ya kwanza akiwa peke yake. Hakuwa mgeni. Mwaka mmoja nyuma kundi lake, Hard Blasters, walikuwa wametoa albamu ya Funga Kazi na sisi wote tulikuwa tunaukariri wimbo wa Chemsha Bongo badala ya kusoma. Angeweza kurudia kilekile na tungenunua tu. Yeye akatuletea wimbo wa Ndio Mzee. Uchaguzi wa Oktoba 2000 ulikuwa umetoka kupita, ahadi za majukwaani bado ziko masikioni, na huyu anaingia na sauti ya mgombea, anaahidi mpaka yasiyoahidika, na umati unamwitikia, ndio mzee. Hamtukani mtu. Hakuna mstari unaosema wanasiasa ni waongo. Lakini kiitikio kile kilituchoma sisi tunaoitikia kuliko yule anayeahidi, na mpaka leo sijasikia rap ya Kiswahili iliyofanya hivyo kwa ustadi ule.

Na Majani naye, prodyuza wake pale studio ya Bongo Records, aliacha nafasi kwenye mdundo. Maneno yanasikika yote. Dogo amejaza vitu mpaka neno linatafutwa kwa tochi.

Mzee wangu unamjua. Kwake rap ilikuwa uhuni, mtu akianza kufoka tu redio inazimwa. Siku Ndio Mzee ilipopigwa redioni alikuwa ananyoa ndevu uani, akasimama na wembe mkononi mpaka wimbo ukaisha, kisha akauliza huyu kijana ni mtoto wa nani. Kaka, mzee wangu! Tangu siku hiyo sikuwahi tena kuambiwa nizime. Mtu aliyemfungulia mlango mzee yule hakufanya hivyo kwa kuimba magari. Aliimba mkutano wa hadhara, kitu ambacho mzee alikuwa amekaa ndani yake juani, kofia kichwani, akipiga makofi.

Halafu ona maisha: 2015 Jay huyohuyo anagombea kweli, anakuwa mbunge wa Mikumi kwa CHADEMA mpaka 2020. Kupanda jukwaani kuomba kura wakati nchi nzima inakijua kiitikio chako, mimi naona inataka moyo. Sugu, rapa mwenzake, alikuwa ameshatangulia bungeni tangu 2010, na yeye huko nyuma kabisa, 1995, alikuwa ameiita albamu yake Ni Mimi. Albamu ya kwanza ndiyo hiyo. Unasimama mbele za watu unasema ni mimi. Ya pili na ya tatu utajaribu unavyotaka, utaimba klabu, utaimba mapenzi, lakini ya kwanza watu wanakuuliza wewe nani, na Dogo anawajibu kwa majina ya magari ya watu.

Ananiambia siku hizi hakuna anayesikiliza albamu, watu wanachukua wimbo mmoja wanapita. Sawa. Sasa 18 za nini? Na kinachoniuma zaidi ni hiki: zamani msanii alikuwa anabeba kazi yake kwenda kwa wasambazaji Kariakoo, wao ndio waamue kanda itoke lini na kwa kiasi gani, na wengi waliondoka pale na nauli tu. Dogo hamwombi mtu. Anabonyeza, imetoka. Uhuru wote ule, anautumia kuigiza wengine. Na lile jalada lake... basi, jalada tuliache.

Kwa hiyo naomba hivi. Ongea naye wewe. Mimi ananiita bro na kucheka, wewe anakuogopa, na tangu shuleni neno lako halirudishi. Usimkatishe tamaa, tafadhali, mwanzie na sifa kwa sababu anazistahili. Apunguze zibaki kumi hivi. Wageni wabaki wawili, yule binti wa kiitikio cha wimbo wa nne asiguswe, anaimba vizuri mno. Na ule wa mama aurekodi upya uwe wa kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Nimeshaongea na prodyuza, hela ya studio nitatoa mimi, ila Dogo asijue imetoka wapi. Amepanga kuitoa mwisho wa mwezi, hivyo usiliweke kiporo.

Wewe mwenyewe umeshaisikia au kakuficha? Mama anajua kuna wimbo wake? Ile sauti uliyomrekodi kwa simu kule msibani bado unayo, au ilipotea na simu? Kama ipo nitumie hata leo, nataka prodyuza aisikie jinsi alivyokuwa anachana bila mdundo. Na wewe unakuja lini? Kitenge nimwambie Bi Mkubwa nini?

Nisalimie shemeji na watoto.

Ni mimi swahiba wako.