“Huyu katumwa!”

Mhariri,

Juzi nilihudhuria mkutano wa hadhara. Mama mmoja akasimama na swali dogo tu: mtaro ulioziba utazibuliwa lini? Kabla hajamaliza, sauti ikatoka nyuma: “Huyu katumwa!” Nusu ya ukumbi ikazomea, nusu ikapiga makofi. Tukatoka saa mbili baadaye, na mtaro haukutajwa tena.

Mimi sina ugomvi na ubishi. Wabishi wazuri wameniokoa na upumbavu mwingi. Ila sasa hoja hatuipimi kwa uzito wake, tunatazama jezi ya aliyeitoa. Kumkubalia mpinzani jambo moja ni usaliti, kwa hiyo hata aliyeelewa ananyamaza.

Wakati wa Vita Baridi, Marekani na Umoja wa Kisovieti walielekezeana makombora ya nyuklia. Hata hivyo, mwaka 1958 Wasovieti walipendekeza ndui itokomezwe duniani, wakatoa chanjo kwa wingi. Kampeni hiyo baadaye iliongozwa na Mmarekani, D. A. Henderson, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imekwisha. Hakuna aliyebadili itikadi yake. Sisi mtaro umetushinda.

Ninyi wa magazeti nanyi, niwie radhi, mnapenda kuwaalika mahasimu wawili wanaopayuka. Waulizeni kwanza wanakubaliana wapi.

Yule mama nilimwona akikunja karatasi yake. Alikuwa ameandika maswali matatu.

Msomaji wenu