Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: watoto walipungua dharura, shida haikupungua

Mheshimiwa Waziri,

Salamu na heshima kwako. Mimi ni muuguzi wa idara ya dharura, na nakuandikia kuhusu takwimu moja ya wakati wa korona inayosomwa kama habari njema: kwamba watoto walioletwa kwetu walipungua.

Ni kweli walipungua. Mwaka 2020 wazazi waliogopa hospitali, na mwenye homa ndogo au goti lililochubuka alitibiwa nyumbani. Lakini tazama walioendelea kuja. Nchini Marekani, kati ya Aprili na Oktoba mwaka huo, sehemu ya mahudhurio ya dharura iliyotokana na matatizo ya afya ya akili ilipanda kwa takriban asilimia 24 kwa watoto wa miaka 5 hadi 11, na asilimia 31 kwa wa miaka 12 hadi 17, ikilinganishwa na 2019. Mapema 2021, wasichana wa miaka 12 hadi 17 waliofikishwa kwa kushukiwa kujaribu kujiua walizidi wale wa kipindi kama hicho cha 2019 kwa karibu asilimia 51. Kwa wavulana ongezeko halikufika asilimia 4. Pengo hilo peke yake lilistahili kikao kizima, na sidhani kama lilikipata.

Shule zilipofungwa, wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 duniani walitoka machoni pa walimu wao. Mwalimu ndiye huona mapema kwamba mtoto aliyekuwa msemaji amenyamaza, kwamba hali chakula tena na wenzake, kwamba anavaa mikono mirefu siku ya joto. Katika masomo ya mtandaoni, kamera ikizimwa, hayo yote yanapotea. Kliniki nazo zilisitisha miadi. Basi jambo ambalo mshauri nasaha wa shule angelimaliza mapema lilitufikia sisi usiku wa manane, likiwa limeshaiva.

Na sisi tulikuwa na nini cha kumpa? Kitanda na pazia. Mtoto anaulizwa kama amewahi kufikiria kujidhuru, na uso wa anayemuuliza hata hauoni, umefunikwa kwa barakoa na ngao ya plastiki. Mama yake amesimama hatua mbili kando. Nyuma ya pazia mgonjwa mwingine anakohoa. Mtoto anajibu "hapana", nasi tunaandika hapana. Mwombe mama atoke kidogo, vuta kiti ukae, uliza tena taratibu: mara nyingi jibu linabadilika. Ila faragha ya dakika kumi kwetu ni adimu kuliko dawa.

Waliohitaji kulazwa walisubiri, wengine kwa siku kadhaa, maana vitanda vya watoto wenye matatizo ya akili ni haba hata pasipo janga. Oktoba 2021 vyama vya madaktari wa watoto na wa afya ya akili ya watoto vya Marekani, pamoja na hospitali za watoto, vilitangaza hali hiyo kuwa dharura ya kitaifa. Mwaka mmoja na nusu ulikuwa umeshapita.

Katika mpango wako wa mlipuko ujao, naomba washauri nasaha wa shule wahesabiwe miongoni mwa watumishi ambao kazi yao haisimami, hata kama ni kwa simu. Kila idara ya dharura inayopokea watoto ipate chumba kimoja chenye mlango (hakihitaji kujengwa, baadhi ya stoo zetu zingetosha) na daktari wa akili anayepokea simu usiku.

Tena mtoto anaporuhusiwa, afuatiliwe ndani ya siku chache. Siku hizo za mwanzo ndizo zenye hatari kubwa, na ndizo tunazomwacha mzazi na karatasi ya rufaa yenye tarehe ya mwezi ujao. Hili halihitaji kusubiri bajeti, Mheshimiwa. Linaweza kuanza kwa waraka mmoja wenye saini yako.

Wako mtiifu,
Muuguzi, idara ya dharura