Jeni zilizokufa nazo zihesabiwe

Mhariri, naomba kanafasi. Makala zenu za sayansi nazisoma sana, ila kila mkilinganisha binadamu na mnyama fulani mnakimbilia protini, eti zinafanana asilimia kadhaa, basi mmemaliza. Jeni zilizoharibika, zile wataalamu wanaziita sudojeni, mnaziruka kabisa na mi naona utamu wenyewe ndo uko huko.

Chukueni bakteria wa ukoma na wa TB. Ni ndugu wa karibu hao, wa TB ana jeni kama 4,000 za kutengeneza protini, sasa jenomu (yaani DNA yote) ya mwenzake wa ukoma ilivyosomwa yote mwaka 2001 zikakutwa nzima kama 1,600 tu, na mbovu zaidi ya 1,100! Ukiangalia protini peke yake utasema huyu anazo chache, hutajua kama hakuwahi kuwa nazo au zilimfia, ila ukizifuata zile mbovu unakuta nyingi mwenzake bado anazo nzima, kumbe alikuwa nazo akazipoteza, na kazi kibao za kujitafutia nguvu zimeenda nazo, yaani ndo unaanza kuelewa kwa nini anategemea kuishi ndani ya seli na kwa nini watafiti wanamkuza kwenye nyayo za panya au kwenye mnyama anayeitwa amadilo badala ya kumwotesha kwenye chombo maabara kama wengine.

Au vitamini C. Wanyama wengi wanajitengenezea, sisi hatuwezi manake jeni ya kimeng'enya cha hatua ya mwisho, GULO, kwetu imevunjika. Sokwe na nyani hivyohivyo. Simbilisi naye hawezi ila yake iliharibika kivyake, sio pamoja na yetu. Hapo mtalinganisha protini gani wakati haipo?

Na msije mkaziita takataka (najua mtaziita), manake mwaka 2010 ilionyeshwa kwamba PTENP1, nakala mbovu ya jeni ya PTEN inayozuia saratani, haitoi protini lakini RNA yake, yaani ile nakala inayotolewa kutoka kwenye jeni, inazinasa mikroRNA, vipande vidogo vya RNA vinavyozima jeni, ambazo zingeikandamiza PTEN yenyewe.

Kwa hiyo siku mkirudia kumlinganisha mtu na panya, wekeni na jeni za kunusa: panya anazo nzima zaidi ya 1,000, sisi kama 400, na zilizokufa kwetu nazo ni 400 na kitu.

Msomaji wenu