Limau huondoa harufu ya samaki, haliondoi uozo

Ndugu Mhariri,

Ushauri wa kuosha samaki anayenuka kwa limau au siki umezoeleka mno hapa Mwanza, kuanzia soko la samaki la Mwaloni Kirumba hadi safu za mapishi magazetini. Harufu hutoka kweli. Ninachopinga ni kuchukulia kwamba samaki huyo sasa anafaa kuliwa. Nafundisha kemia, na jibu la jambo hili limo katika mada ya asidi na besi za kikaboni, ambayo wanafunzi wa kidato cha tano na sita huikariri kwa ajili ya mtihani tu.

Katika nyama ya samaki mna oksidi ya trimethilamini, isiyo na harufu. Wengi hudhani ni ya samaki wa baharini peke yao, lakini hata sangara wetu anayo. Samaki akishakufa, bakteria huinyang'anya oksijeni, ikabaki trimethilamini. Hiyo huchemka kwenye nyuzijoto 3 hivi, kwa hiyo katika joto la huku kwetu ni gesi, na pua huinasa hata ikiwa kidogo sana. Tena ni besi: naitrojeni yake ina jozi ya elektroni iliyo huru kupokea protoni, yaani ioni ya hidrojeni.

Limau lina asidi ya sitriki. Asidi hii huachia protoni kwa urahisi kwa sababu chaji hasi inayobaki hugawanwa na atomi mbili za oksijeni. Ethanoli, yaani kileo cha pombe, nayo ina kundi la OH, ila chaji yake ingebebwa na oksijeni moja pekee; ndiyo maana pKa yake (kipimo ambacho kikiwa kidogo, protoni huachiwa kwa urahisi zaidi) ni kama 16, na ya asidi ya sitriki ni kama 3. Hapa ningewasihi walimu wenzangu wasiharakishe. Protoni ikiondoka, chaji inabaki kwa nani, na anaimudu vipi? Mwanafunzi aliyezoea kuuliza hivyo hana haja ya kukariri orodha ya asidi kali na dhaifu.

Trimethilamini ikipokea protoni hugeuka ioni yenye chaji chanya, na ioni hairuki hewani. pKa ya ioni hiyo ni 9.8. Ukishusha pH, yaani ukiongeza uasidi, kutoka 7 hadi 3, trimethilamini isiyopokea protoni hupungua takriban mara 10,000. Sehemu ya ioni hiyo huondoka na maji ya kuoshea, nyingine hubaki nyamani bila kunusika. Anayetaka kuthibitisha ayachukue maji yale ya limau atie magadi: harufu itarudi, kwa kuwa magadi huipokonya ioni ile protoni yake.

Kilichooza hakirudi kuwa kibichi. Zipo sumu za bakteria ambazo limau haliziwezi, wala moto wa jikoni hauzivunji. Anayeuza samaki wa juzi akamkamulia limau anamnyima mnunuzi ile dalili ambayo pua ingemwonyesha.

Naomba basi safu yako ya mapishi, kila inapotaja limau, itangulize ukaguzi: macho yawe maangavu, matamvua yawe mekundu, nyama ikibonyezwa irudi. Asiyepita hapo asifikishwe kwenye limau.

Mwalimu wa kemia,
Nyamagana, Mwanza