Kabla ya kununua zawadi ya nyumba mpya, tuulize nyumba imefikia wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wasomaji wenzangu juu ya jambo linalofanyika karibu kila mwisho wa wiki katika vitongoji vinavyokua pembezoni mwa Dar es Salaam, nalo ni zawadi tunazowapelekea ndugu, jamaa na marafiki wanaohamia katika nyumba zao mpya. Ni desturi njema na siandiki kuipinga. Ninachoomba ni kwamba mtu, kabla hajaingia dukani, aulize kwanza nyumba yenyewe imefikia wapi.

Nasema hivyo kwa sababu wengi wetu hatuhamii katika nyumba iliyokwisha. Mtu hununua kiwanja Chanika, Goba au Kibaha. Mwaka huu anafyatua matofali, mwakani anaweka msingi, boma linasimama misimu kadhaa bila kupauliwa, na siku mwenye nyumba ya kupanga anapodai kodi ya miezi sita kwa mpigo, familia inafunga mizigo na kuhamia hivyo hivyo, milango miwili ikiwa na vitasa na mingine imezibwa kwa mbao. Mahitaji ya nyumba kama hiyo hayafanani kabisa na ya nyumba iliyokamilika, lakini zawadi zetu huchaguliwa kana kwamba kila anayehamia ana sebule yenye kabati la vioo.

Sisi tulihamia Chanika mwezi wa Novemba mwaka 2018. Dari hapakuwa, sakafu ilikuwa ya zege tupu, umeme ulikuwa haujavutwa, na maji tulinunua kwa madumu ya lita 20 kutoka kwa vijana wa mikokoteni. Wageni walikuja wengi, kwa upendo ambao sitausahau, na walipoondoka tulihesabu saa nne za ukutani, seti tano za glasi na picha moja kubwa yenye fremu ya dhahabu. Saa na picha hatukuweza kuzitundika kwa kuwa kuta zilikuwa hazijapigwa lipu, na glasi zilikaa katika maboksi yake chini ya kitanda kwa miaka miwili. Simlaumu hata mmoja kati ya waliozileta. Walipotuuliza walete nini, tuliwajibu kama watu wengi wanavyojibu, kwamba waje tu, wao wenyewe ndio zawadi, na kwa jibu hilo tuliwafungia njia ya kutusaidia.

Zawadi iliyobadilisha maisha yetu pale ilitoka kwa mama mmoja tuliyekuwa tumepanga naye nyumba moja Buguruni. Yeye alifika siku moja kabla ya wageni wengine, akiwa mikono mitupu, akazunguka nyumba nzima polepole, akatazama paa, kisha akaniuliza, “Mwalimu, mvua ikinyesha maji haya yanakwenda wapi?” Nikamwambia yanamwagika chini na kuchimba udongo wa msingi. Hakusema zaidi. Baada ya wiki moja alimtuma mwanawe akiwa na vipande vya mifereji ya bati, vishikio vyake, na pipa la plastiki la lita 200. Kijana yule alifunga uzi kutoka kona hadi kona chini ya ukingo wa mabati, akaushusha kidogo upande wa pipa ili maji yasituame njiani, akagongomea vishikio kwa kuufuata uzi ule, na mwisho akafunga kipande cha chandarua kikuukuu kwenye mdomo wa pipa ili kuzuia majani na mbu.

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku, nasi tuliamka wote kwenda kusikiliza pipa likijaa. Siku zile sikujua hesabu yake, lakini nimeifundisha darasani baadaye mara nyingi: milimita moja ya mvua ikianguka juu ya eneo la mita moja ya mraba inaleta lita moja ya maji. Upande mmoja wa paa letu una mita za mraba 50 hivi, kwa hiyo mvua ya milimita 10, ambayo wala si kubwa kwa msimu wa vuli, inaweza kutuletea karibu lita 500, yaani madumu 25 ambayo tungeyanunua. Dar es Salaam hupata zaidi kidogo ya milimita 1,000 kwa mwaka, nyingi katika masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Pipa lilikuwa likifurika, na mwaka uliofuata tulijinyima tukanunua tanki la lita 1,000. Kama wale wageni walioleta saa na glasi wangeketi pamoja wakachanga fedha zile zile, tanki hilo lingekuwapo siku ya kuhamia. Naamini wangefurahi kufanya hivyo, kwa maana hakuna aliyekuja kwetu kwa kutimiza wajibu tu.

Kuuliza na kutazama kwanza si jambo geni kwetu. Mimi ni mzaliwa wa Pangani, na nyanya yangu alikuwa msusi wa mikeka. Kijana wa mtaani alipojenga, nyanya alimtuma mtoto akapime chumba kwa hatua kabla hajaanza kusuka ukili, kwa sababu mkeka hushonwa ukili kwa ukili mpaka upana utimie, na alitaka uingie katika chumba kile bila kukunjwa pembeni wala kuacha sakafu wazi. Siku ya kuupeleka aliongeza chetezo kidogo cha udongo na ubani uliofungwa katika kitambaa. Wengine walileta mtungi wa maji na kata yake, au mbuzi ya kukunia nazi na kifumbu. Ukivitazama vitu hivyo utaona kwamba kila kimoja kilimwezesha mwenye nyumba kupokea mgeni siku hiyo hiyo: mahali pa kumketisha, maji ya kumpa, chakula cha kumwandalia. Sisemi turudi kwenye mitungi. Wengi hawana tena mahali pa kuiweka. Nasema wazee wale walikuwa wanajua wanampelekea nani, na chumba chake kina hatua ngapi.

Bara nako wana zao. Mwalimu mwenzangu kutoka Kilimanjaro alituletea masale machanga manane tuyapande mpakani, akatueleza kwamba kwao isale huonyesha mpaka wa kihamba, yaani shamba la familia, na pia hubebwa na mtu anayekwenda kuomba msamaha. Jirani wa upande ule, ambaye tulikuwa hatujazungumza naye vizuri kuhusu mpaka, alikuja kutusaidia kuyapanda.

Hapo niseme neno kuhusu miche, kwa kuwa siku hizi watu wengi huipeleka na ni zawadi ninayoipenda. Mche wa mwembe uliobebeshwa huanza kuzaa mapema kuliko ule ulioota kwa kokwa, lakini mti wenyewe ukishakua unataka nafasi ya mita zipatazo 10, na kiwanja cha mita 20 kwa 20 chenye nyumba, karo la maji machafu na kisima hakina nafasi hiyo kila upande. Mizizi ikifika kwenye karo au msingi, zawadi inakuwa hasara. Mahali padogo pelekeni mndimu au mpapai, na kabla ya kuchimba shimo mwulizeni mwenyeji karo liko wapi. Tazameni pia imani na mwenendo wa nyumba mnayoiendea: ziko familia zisizotundika picha za watu wala wanyama, na nimeshuhudia glasi za mvinyo zikipelekwa katika nyumba ambayo kileo hakiingii.

Jambo linaloniuma zaidi ni kipaza sauti. Imeanza kuwa kawaida mshereheshaji kusimama na kutangaza mbele ya watu fulani ameleta hiki na fulani ametoa bahasha, huku wengine wakipigiwa vigelegele na wengine wakipitwa kimya. Sisi nasi tulifanya hivyo, na leo najuta. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, hakutokea siku ile. Tulidhani ana kinyongo. Mwezi mmoja baadaye alikuja asubuhi na mapema akiwa na mwiko na pima maji yake, akasema alisikia kutakuwa na kutangaza zawadi naye hakuwa na cha kutangazwa. Alipiga lipu chumba cha watoto kwa siku mbili, akala nasi, akalala sebuleni juu ya mkeka. Watoto ambao walikuwa wakichubuka viwiko kwenye matofali kila walipogeuka usingizini walilala vizuri tangu usiku ule. Kazi ya mikono ya fundi, siku moja ya fundi bomba, mchana mmoja wa vijana kufyeka na kusawazisha uwanja, hizo zote ni zawadi kamili, na mwenye nyumba anayempokea mtu huyo ampe heshima sawa na aliyeshusha jokofu kwenye gari.

Kwa aliye mbali pia ipo njia nyepesi. Umeme wetu ulipovutwa, rafiki yangu aliye Mwanza aliomba namba ya mita tu, akanunua umeme wa LUKU kwa simu yake na kunitumia tarakimu nizibonyeze. Bahasha nayo si dhambi, ilimradi itolewe mkononi bila jina lake kusomwa.

Nawaomba wenyeji nao waseme. Mtu anapokuuliza akuletee nini, mtajie vitu viwili au vitatu, kimoja kikiwa cha bei ndogo kabisa, kama vile bawaba, balbu, ufagio wa chelewa au ndoo yenye mfuniko, ili asiye na uwezo apate pa kushika. Hilo si kuomba. Mgeni wako amekwisha amua kutoa, nawe unamwonyesha mahali pa kuweka alichokusudia.

Jumamosi ijayo nimealikwa Kibaha na binti niliyemfundisha darasa la saba, ambaye sasa amehamia kwake na watoto watatu. Nilipompigia alisema, “Karibu tu mwalimu, usijisumbue.” Nikamuuliza mara ya pili, safari hii nikitaja mlango wa jikoni na madirisha. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia mlango una kitasa, ila madirisha mawili ya chumba cha watoto hayana wavu, na mbu ni wengi kwa sababu ya bonde lililo nyuma. Nilimwomba ayapime nikiwa bado kwenye simu. Kila moja lina sentimita 120 kwa 150. Wavu nimeshaununua na fito za kuubania nimeshazikata, na nitakwenda Ijumaa, kabla ya wageni, pamoja na shemeji yangu na nyundo yake.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Chanika, Dar es Salaam