Barua kuhusu Robin wa tatu

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako nimeipata, na nimeirudia hasa pale unapodai kwamba Tim Drake, Robin wa tatu katika katuni za Batman (Robin ni jina la msaidizi kijana wa shujaa huyo), ni kivuli tu cha Dick Grayson, Robin wa kwanza, kwa kuwa hamfikii kwa ngumi wala kwa wepesi wa mwili. Hapo sikubaliani nawe.

Dick, aliyetokea mwaka 1940, hakurithi cheo cha mtu, kwani yeye ndiye aliyekianzisha. Aliyemfuata, Jason Todd, mwisho wake unaujua: mwaka 1988 wasomaji waliachiwa waamue kwa simu, kila simu kwa senti 50 za dola, kama kijana huyo aponee bomu la Joker, adui mkubwa wa Batman, au afe. Kura 5,343 zilitaka afe, 5,271 zilitaka aishi. Nashangaa hadi leo kwamba watu walitoa fedha zao kwa jambo kama hilo. Nafasi aliyoikuta Tim mwaka uliofuata ilikuwa basi ya marehemu, tena marehemu aliyekataliwa na wasomaji wenyewe.

Wala hakuitamani. Alikuwapo kwenye sarakasi usiku ule wazazi wa Dick, wanasarakasi, walipoanguka wakafa. Miaka ilipopita akamwona Robin kwenye televisheni akijibinua mara nne hewani, akakumbuka ni nani aliyeuweza mchezo huo, na siri yote ikamfunukia, kwamba Robin ni Dick, na Batman ni nani. Batman alipozidi kuwa mkali baada ya msiba wa Jason, Tim alimwendea Dick kumsihi arudi kuwa Robin. Dick, ambaye tayari alikuwa shujaa wa kujitegemea kwa jina la Nightwing, hakukubali kuwa Robin tena; na yeye na Batman waliponaswa na mhalifu Two-Face, ndipo mtoto huyu alipolivaa vazi la Robin kwenda kuwaokoa.

Lakini hadithi ninayoipenda zaidi ni ile ya mwaka 1990, Batman alipotekwa na Scarecrow, adui wake mwingine, wakati Tim bado yuko mafunzoni na ameagizwa asitoke. Alitoka. Vazi la Robin lilikuwapo, naye hakuligusa, kwa kuwa hakuwa amekabidhiwa rasmi. Akaficha uso kwa kofia ya sufu ya kawaida, akaenda kupambana hivyo hivyo. Baada ya hapo ndipo Batman alipompa vazi jipya, lenye suruali ndefu badala ya ile kaptura iliyowaacha wenzake miguu mitupu, jambo ambalo kwa maoni yangu lilichelewa miaka hamsini.

Kijana anayeweza kuokoa maisha ya mwalimu wake na bado akaheshimu nguo ya marehemu ameuelewa urithi huo kuliko Jason, na pengine kuliko Dick, ambaye hakuwahi kulazimika kuufikiria. Ukiwa na hoja nyingine niandikie, ila ile ya ngumi usinirudishie.

Wako wa siku zote.